UZI: Jimbo la Konde, mipaka ya Pemba na viti 18 vinavyosubiri hesabu mpya

MtuWaKigomasha (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kila uchaguzi ukikaribia, na kila ukimalizika, humu tunavutana juu ya asilimia za urais. Majimbo hatuyagusi. Na siasa ya Pemba huwezi kuifahamu bila ya kuyajua majimbo yake: yalikuwa mangapi, yamebaki mangapi, na mstari umepita wapi. Naanza na Konde kwa sababu ndiko kwetu, na kwa sababu wapiga kura wa Konde walichagua mbunge mara tatu ndani ya miezi kumi na mbili. Nikimaliza hapo nitaingia kwenye hesabu inayoninyima raha.

Konde iko wapi

Kwa asiyepajua, Konde ni pembe ya kaskazini magharibi ya Pemba, wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ukitoka Chake Chake ukapanda kaskazini mpaka barabara ikuishie, umefika. Konde yenyewe ni mji mdogo wa soko na maduka, na hapo njia zinagawika. Moja inakwenda Msuka. Nyengine inaingia Msitu wa Ngezi, unapita chini ya mivule na mipapindi, unatokea Makangale, Vumawimbi, mpaka Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa wa zama za Waingereza. Ukivuka mnara ni bahari tupu. Mashariki yetu ni Tumbe na soko lake la samaki, na mbele zaidi ni Micheweni.

Ardhi si moja. Upande wa magharibi una udongo mzito, mabonde ya mpunga, mikarafuu, na lile shamba la mipira karibu na Ngezi. Msuka na ukanda wa pwani ni maweni, na huko mtu anaishi kwa bahari: nyavu, mwani, madema. Kwa hiyo ndani ya jimbo moja kuna mkulima wa karafuu na mvuvi, na shida zao hazifanani. Mwakilishi akija na khabari za bei ya karafuu, nusu ya mkutano inamsikiliza kwa adabu tu.

Huyu mvuvi ana jambo lake jengine. Wavuvi wetu wanakwenda dago. Wanahama na vyombo vyao kufuata samaki, wanapiga kambi ugenini miezi kadhaa, kisha wanarudi. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar imemtaka mpiga kura awe mkaazi wa jimbo kwa miezi 36 mfululizo, na anayetazamwa kuthibitisha ukaazi ni sheha, mkuu wa shehia. Basi chukua kijana wa Msuka aliyetoka dago wiki iliyopita. Yuko barazani kwa sheha na kitambulisho cha baba yake mkononi, chake yeye bado. Mama yake yupo hapo, nyumba yao inaonekana kutoka pale alipokaa, na kaburi la babu yake liko nyuma ya msikiti. Anaulizwa: "Mwaka jana wewe ulikuwa wapi?" Hajibu uongo, anasema alikuwa dago. Kuanzia hapo jina lake liko mashakani. Wakulima hawaulizwi suali hilo.

Konde kwenye sanduku

Tangu vyama vingi virudi, Konde imekwenda na Pemba. Mwaka 1995 CUF ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba, ikaengeza matatu ya Unguja, ikawa na 24. CCM ikapata 26. Urais ulikuwa Dk. Salmin Amour 50.2 na Maalim Seif 49.8. Mwaka 2000 kura zilirejewa katika majimbo 16 ya Unguja, CUF ikasusia marejeo, Baraza la Wawakilishi likawa CCM 34 kwa CUF 16. Kilichofuata Januari 27, 2001, waandamanaji walipopigwa risasi, kila mtu wa Wete, Micheweni na Chake anakijua, na waliokimbilia Shimoni, Kenya, wanakijua zaidi. Sitakifungua hapa, kinataka uzi wake.

Mwaka 2005 majimbo ya Pemba yalipunguzwa kutoka 21 kuwa 18. Ya Unguja yakapanda kutoka 29 hadi 32. CUF ikachukua yote 18. Mwaka 2010, baada ya kura ya maoni ya Julai 31 iliyokubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4, ikachukua tena yote 18 na manne ya Unguja.

Kisha ikaja Oktoba 25, 2015. Nataka tuitazame siku ile kwa karibu, kwa sababu watu wa nje wakielezwa hawaamini. Mpiga kura wa Konde aliingia kituoni asubuhi, akapewa karatasi tano: Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani, Rais wa Muungano, mbunge. Kidole kimoja, wino mmoja, foleni moja. Siku tatu baadae mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kufuta. Karatasi tatu za mtu yule zikawa si kitu. Mbili zilizobaki zikawa halali, na wabunge wa CUF waliochaguliwa Pemba wakaenda kuapishwa Dodoma. Machi 20, 2016 kura za Zanzibar zikapigwa upya, CUF ikasusia, Dk. Shein akatangaziwa asilimia 91.4 na CCM ikabeba viti vyote 54 vya kuchaguliwa vya Baraza. Mpaka 2020 Konde ikawa na mbunge wa chama kimoja na mwakilishi wa chama chengine, mmoja ametokana na safari ya kituoni ya Oktoba na mwengine na ya Machi.

Mwaka 2020, Maalim na watu wake wameshahamia ACT-Wazalendo, Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa kwa asilimia 76.27 na Maalim 19.87. ACT ikaambulia viti vichache mno, na Konde ikawa miongoni mwa majimbo manne ya ubunge iliyopewa. Mbunge alikuwa Khatib Said Haji, aliyekuwa akilishikilia jimbo tangu 2010. Akafariki Mei 2021, Mungu amrehemu. Uchaguzi mdogo ukafanyika Julai 18, 2021, akatangazwa mgombea wa CCM, Sheha Mpemba Faki. ACT wakapinga. Na kabla hajaapishwa, mbunge mteule akajiuzulu. Oktoba 9, 2021 Konde ikarudi tena vituoni, na safari hii akatangazwa Mohammed Said Issa wa ACT.

Msitake kunambia kuwa hii ni khabari ya jimbo dogo la pembezoni. Mimi naona jimbo moja liliulizwa suali lilelile mara tatu, na katikati likasajiliwa jibu ambalo hata aliyenufaika nalo hakulichukua.

Sasa hesabu

Sensa ya 2022: Zanzibar ina watu 1,889,773. Pemba 543,441, Unguja 1,346,332. Ukigawa kwa majimbo tuliyonayo, jimbo la Pemba lina wastani wa watu 30,191 na la Unguja 42,073. Kwa vichwa peke yake, katika viti 50 Pemba ina haki ya 14, si 18.

Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Siku yoyote Tume ikikaa kupitia idadi na mipaka, mtu atatoa karatasi hii na kusema Pemba irudishe viti vinne. Sisi tutajibu nini? Tukijibu kwa jazba tumeshindwa. Nataka tuzungumze.

---

BintiWete

Wa alaykum salaam. Kaka yangu, Allah akuzidishie. Lakini umeanzia 1995, na majimbo hayakuanza pale. Bibi yangu alikuwa akihadithia uchaguzi wa kura moja Chake. Ni kweli au ni hadithi za barazani?

---

MtuWaKigomasha

Dada yangu, ni kweli kabisa.

Uchaguzi wa mwanzo ni Julai 1957. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa sita tu Zanzibar nzima, na Pemba ilikuwa na viwili: Kaskazini na Kusini. Pemba Kaskazini akashinda Ali Sharif Mussa, Kusini akashinda Mohammed Shamte, huyuhuyu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wakati wa uhuru Disemba 10, 1963. Wanawake hawakupiga kura ile. Wao walianza Januari 1961, kwa hiyo bibi yako akihadithia Chake ya 1961 huenda ndiyo kura yake ya kwanza maishani.

Januari 1961 majimbo yalikuwa 22: Unguja 13, Pemba 9. ASP (Afro-Shirazi Party) ikapata 10, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) 9, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) 3, na vile vitatu vyote vya ZPPP vilitoka Pemba. Chake Chake ASP ilishinda kwa kura moja. Moja! Sasa fikiria: wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili wakaenda ZNP, mmoja akaenda ASP. Ikawa 11 kwa 11, serikali haiundiki. Kwa kura moja ya Chake kuangukia upande mwengine, pasingekuwa na sare.

Dawa iliyotafutwa ni ya mipaka: likaengezwa jimbo la 23, Pemba, na uchaguzi ukarejewa Juni mwaka huohuo. ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Watu 68 walikufa katika fujo za uchaguzi ule, wengi wao Unguja. ZNP na ZPPP wakaungana wakawa 13 wakaunda serikali, na waliolia wakati ule ni ASP.

---

MzeeWaNgambo

Mwanangu, hapo umeingia kwangu. Mimi ni wa Ng'ambo, mjini Unguja, nimekulia kwenye ASP, na nakushukuru kwa kuisema ya 1961. Malizia basi na ya 1963, maana huko ndiko tulikochinjwa. ASP tulipata asilimia 54.2 ya kura zote, na viti 13 katika 31. ZNP 12, ZPPP 6, wakaungana wakawa 18 wakachukua serikali. Wengi tulikuwa sisi, na tukakaa upinzani. Unadhani watu waliisahau ile? Haikufika hata miezi mitatu baada ya Julai... nasema vibaya, haikufika hata mwaka, yakaja ya Januari 1964.

Sasa leo Wapemba mnalia kwamba mtapunguziwa. Mjukuu wangu yuko Magharibi, huku Unguja pembeni mwa mji, jimbo lao lina watu kibao, skuli moja inafundisha mikondo miwili kutwa. Kwa nini kura yake iwe na uzito mdogo kuliko ya mtu wa Konde? Haki ni haki hata ikikuuma.

---

MtuWaKigomasha

Mzee wangu, sina ugomvi na hayo. Na ya 1963 nitaitaja kwa takwimu zake. Pemba ilikuwa na majimbo 14 katika 31, sawa na asilimia 45. Sensa ya 1958 iliihesabu Pemba watu 133,858 katika jumla ya 299,111, nayo ni asilimia 45 vilevile. Kwa hiyo kwa idadi ya viti vya visiwa, Pemba haikupendelewa. Tatizo la ASP lilikuwa kwamba kura zake zilirundikana katika majimbo ya Unguja iliyokuwa ikishinda kwa wingi mkubwa, na Pemba ikapata viti viwili tu kati ya 14. Kura ziliozidi Ng'ambo hazikuweza kuvuka bahari kuja kusaidia Pemba.

Nakuomba unifuate hapohapo. Mgao wa visiwa ulikuwa sawa, na bado wengi walikosa serikali. Maana yake kulinganisha vichwa peke yake hakutoi haki moja kwa moja. Mstari ndani ya kisiwa una kazi kubwa kama idadi ya viti vya kisiwa.

Na nikupe haki yako katika ile ya 2005, ingawa ndugu zangu wa Pemba watanuna. Kwa miaka mingi tumeambiana kuwa kutolewa majimbo matatu kulikuwa dhulma tupu. Chukua sensa ya 2002: Pemba 362,166, Unguja 622,459. Kwa majimbo 21, jimbo la Pemba lilikuwa na wastani wa watu 17,246 na la Unguja, kwa 29, watu 21,464. Baada ya kukata, Pemba 20,120 na Unguja 19,452. Karibu sawasawa. Hesabu ile ilisimama. Kilichoumiza ni wakati wake, miaka minne tu baada ya Januari 2001, na kwamba viti vilivyotoka vilikuwa vya kisiwa cha chama kimoja. Mtu aliyezika hawezi kupokea hesabu hata ikiwa sahihi.

---

Kijana_MagharibiB

Mimi nasoma nikiwa kwenye boti narudi Unguja kutoka Mkoani, mtandao unakatika.

Nyote mnazungumza kama Mpemba yuko Pemba tu. Mimi nimezaliwa Konde, kazi yangu Unguja, nyumba Unguja, watoto wanasoma Unguja. Sensa imenihesabu Unguja. Na tuko wengi. Watu walianza kuondoka karafuu zilipoanguka bei, wakafuata biashara, wakafuata skuli za watoto, wakajenga Magharibi. Kwa hiyo huyo mjukuu wa mzee wa Ng'ambo, jirani yake ndiye mimi. Mkiengeza majimbo Magharibi mnaniengezea mimi pia.

Hebu tuseme wazi. Kinachopunguza Pemba kwenye hesabu ni sisi tuliohama, na ndio haohao tunaobadilisha majimbo ya Unguja. Vile viti vinne vya CUF vya 2010 huku Unguja havikuanguka kutoka mbinguni.

---

MtuWaKigomasha

Ndugu yangu, fika salama. Hili lako ndilo nilikuwa nalisubiri mtu alitie.

Sensa ya 2002 ilikuta Pemba ni asilimia 36.8 ya Wazanzibari. Ya 2012 ikakuta 31.2, yaani watu 406,848 katika 1,303,569. Ya 2022 ni 28.8. Pemba haipungui watu, inaengezeka, lakini Mjini Magharibi inakimbia: mkoa ule peke yake sensa ya 2022 imeupa watu 893,169. Ni zaidi ya Pemba nzima kwa watu laki tatu na nusu.

Ila jambo moja usilisahau. Ukihama Konde ukaenda Magharibi, unapofika huhesabiki mpiga kura siku hiyohiyo. Miezi 36. Umeshaondoka kwa sheha wa kwanza na hujakubaliwa na wa pili. Sensa inakuhamisha kwa usiku mmoja, Daftari la Kudumu la Wapiga Kura linakuchukua miaka. Kiti kinahama kabla ya kura. Katika kisiwa ambacho uchaguzi umewahi kuamuliwa kwa kura moja, pengo hilo si dogo.

---

Karafuu_Kavu

Nimesoma mpaka hapa. Uzi wa maana, sijatukanwa wala sijaona mtu akitukanwa. Endeleeni.

---

Mwalimu_Mkoani

Salaam kwenu nyote. Mimi nasomesha uraia, naomba niingize jambo ambalo naona limepitwa.

Katiba ya Zanzibar ya 1984 haikusema majimbo ni 50. Imesema yasipungue 40 na yasizidi 55. Ndani ya nafasi hiyo Tume inaweza kwenda juu au chini. Na imeshakwenda: 2015 yalikuwa 54, Pemba 18 na Unguja 36. 2020 yakarudi 50. Kwa sensa ya 2012 mgao wa 54 ulikuwa umepunguza tofauti: Pemba wastani wa 22,603 kwa jimbo, Unguja 24,909. Tuliporudi 50, tofauti ikafunguka tena, na sensa ya 2022 ikaipanua.

Kwa hiyo nani kasema lazima Pemba ikatwe ili Unguja ipate? Pandisheni mpaka 55. Pemba ibaki 18, Unguja iwe na 37. Wastani wa Unguja unashuka kutoka 42,073 hadi 36,387. Mjukuu wa mzee wetu anapata nafuu ya watu karibu 5,700 kwa kila jimbo, na hakuna Mpemba aliyenyang'anywa kitu.

Na kwa ubunge wa Muungano hilo halileti zogo, kwa sababu 2015 tulishaona: Baraza lilikuwa na majimbo 54 huku Bunge likiendelea na 50 ya Zanzibar.

---

MzeeWaNgambo

Mwalimu, hilo la mwisho ndilo lililotuchanganya. Watu wa Magharibi 2015 walikuwa na jimbo moja kwa mwakilishi na jengine kwa mbunge. Mtu ana shida ya maji hajui aende kwa nani, na wao wenyewe wanasukumiana. Pia viti vitano vyengine vina mishahara, magari, ofisi. Nani analipa?

Lakini nakiri, kati ya kumkata Mpemba na kuengeza Unguja, nachagua kuengeza. Mwaka 1963 tulikuwa sisi. Sitaki nije nione na upande wa pili wakipita njia ileile.

---

MtuWaKigomasha

Mzee wangu, Mungu akuweke.

Msimamo wangu ni huo wa Mwalimu, na nautia sababu mbili.

Ya kwanza ni Baraza lenyewe. Rais wa Zanzibar anachaguliwa kwa kura za visiwa vyote kwa pamoja, kwa hiyo mtu wa Konde na mtu wa Magharibi wana uzito sawa pale. Umakamu wa Kwanza wa Rais nao unafuata kura za urais. Ndiyo maana Maalim aliapishwa Disemba 2020 ingawa ACT haikuwa na viti vya maana Barazani. Lakini Katiba inabadilishwa Barazani, kwa theluthi mbili. Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliingia kwa marekebisho ya 2010, na kuitoa nako lazima kupitie Barazani. Viti 18 katika 50 ni zaidi ya theluthi moja ya viti vya majimbo: vikisimama pamoja, ni vigumu kubadilisha Katiba kwa kukipita kisiwa. Viti 14 katika 50 ni asilimia 28, na ulinzi huo haupo tena. Hata 18 katika 55 ni chini kidogo ya theluthi, nalijua hilo, na wajumbe wa kuteuliwa na wa viti maalum wanaipunguza nguvu zaidi. Bado 18 ni idadi ambayo mtu lazima aje kuzungumza nayo. Mapatano yote tuliyowahi kufanya visiwani humu yalipatikana kwa sababu pande mbili hazikuweza kupuuzana.

Ya pili ni bahari. Jimbo la mjini lenye watu 42,000 mwakilishi wake analizunguka kwa miguu baina ya laasiri na magharibi. La huku analizunguka kwa gari, na kwengine barabara ikimalizika anaendelea kwa chombo. Katiba inaitaka Tume isawazishe idadi ya wakaazi, na inairuhusu kutazama pia mambo kama njia za mawasiliano na mipaka ya utawala. Hizo si khisani tunazoomba. Zimeandikwa.

---

BintiMsuka

Nyinyi wanaume mnahesabu visiwa, mimi niulize la kwetu. Ikiwa Pemba itakatwa viti vinne, basi Micheweni haitapona. Nani ataunganishwa na nani? Sisi wa Msuka tutatupwa wapi? Maana naona kila ramani inayochorwa, Konde na Tumbe ndiyo za kwanza kusogezewa mstari.

---

MtuWaKigomasha

Dada yangu wa Msuka, hilo ndilo linalonishughulisha mimi pia.

Pemba ikiwa na majimbo 14, kila moja litahitaji watu wapatao 38,800. Kwa Konde hakuna pa kutanuka isipokuwa upande mmoja. Kaskazini ni bahari, magharibi ni bahari na Ngezi. Kwa hiyo ni kuingia Tumbe, au kushuka kusini kuvuka mpaka wa wilaya ya Wete. Ukishuka Wete, jimbo linakuwa na wakuu wa wilaya wawili, na kila barua ya mwakilishi inaandikwa mara mbili. Ukiingia Tumbe unaunganisha wavuvi wa Tumbe na wa Msuka, ambao kwa kazi wanafahamiana, lakini watu wa Makangale wanabaki kijiji cha mwisho cha jimbo refu linaloanzia soko la samaki na kumalizikia mnara wa taa. Fedha za mfuko wa jimbo ambazo leo zinagawiwa kwetu zitagawiwa kwa wote hao, na tunajua zinaanzia kutumika wapi: penye watu wengi na penye barabara.

Pendekezo langu, na naomba mnisahihishe, ni hili. Pa mwanzo, tuiambie Tume mapema kwamba tunataka ifikirie 55 kabla ya kufikiria 14. Pa pili, ikiwa lazima mistari isogezwe ndani ya Micheweni, Msuka Mashariki na Msuka Magharibi zisitenganishwe. Shehia mbili zile ni ukoo mmoja, bandari moja na dago moja. Zikiwekwa majimbo mawili, kijana atakayetoka dago atakuta hata nduguye wa damu hawezi kumshuhudia mbele ya sheha. Pa tatu, Makangale ibaki na Konde, kwa sababu njia yao pekee ya gari inapita Ngezi na kutokea Konde. Hawana njia nyengine ya kwendea popote.

Hayo nitayaandika kwa jina langu halisi na kuyapeleka Tume watakapokaribisha maoni. Mwenye shehia yake ayaandike ya shehia yake. Bi Msuka, nakuomba uniandikie ya upande wa kinamama wa mwani: mwambao wanaolimia uko ndani ya shehia gani na gani, kwa sababu sitaki mstari uje kupita katikati ya mashamba yao ya baharini na sisi tuwe hatujasema.

---

BintiMsuka

Nitakuandikia baada ya bamvua. Sasa hivi maji yametoka, tuko pwani.